Mwaka Tuliokula Mbegu

Wiki iliyopita nilikuwa nashusha vyombo vya juu ya kabati ili nipake ukuta rangi, kibuyu cha bibi kikaniponyoka. Kilitua kwenye sakafu ya saruji, kikapasuka, na mtama mwekundu ukasambaa hadi chini ya makochi. Pamoja na mtama likatoka vumbi la majivu, na pamoja na majivu ikatoka ile harufu. Mliolelewa kwenye nyumba za tembe mnaijua: moshi wa kuni wa miaka mingi, samli iliyochacha, udongo mkavu, na kitu kama ngozi ya mbuzi. Nilikaa chini palepale na brashi mkononi. Mtu mzima, mama wa watoto watatu, nikalia hadi kamasi zikanitoka.

Baba alikuwa chumbani kwake. Anaishi nami hapa mjini, Utemini, tangu macho yaanze kumsumbua, na kutwa nzima simu iko sikioni mwake, anamsikiliza nabii mmoja ambaye hata sijui anahubiria nchi gani. "Kimevunjika nini huko?" akauliza. Nilikuwa mbali, nimesimama mbele ya jiwe la kusagia nikiwa na umri wa miaka tisa, na mikono yangu imejaa tope.

Kwetu ni upande wa Mtinko, mwendo wa asubuhi moja kutoka mnada wa huko. Tulikuwa na tembe, zizi mbele yake, na nyuma majabali makubwa ambayo mchana yalipata moto kiasi cha kukausha nguo kabla hujamaliza kuzianika. Dini zilikaa nyumbani kwetu kama wapangaji wa nyumba moja, kila mmoja na chumba chake, na ugomvi wao ulikuwa mdogo mdogo wa uani. Baba alibatizwa akiwa shuleni. Mama alikuwa binti wa Kiislamu, alifunga mwezi wake wa Ramadhani na hakuna aliyemuuliza kitu. Ndiyo maana mimi niliitwa Zaina na mdogo wangu akaitwa Daudi. Bibi, mama yake baba, hakuwa na dini ambayo ungeweza kuiandika kwenye fomu. Jua likichomoza alitoka nje, akalitemea mate kidogo ya baraka, akaongea nalo kwa Kinyiramba, lugha ya kwao, kwa sababu aliolewa kutoka Iramba. Idd tulikula pilau, Krismasi tukala pilau tena. Mimi nilidhani dunia nzima inaishi hivyo.

Baba hakuwa mtu wa nyumbani siku hizo. Alifanya kazi mjini, kwenye kiwanda cha serikali, akija mwisho wa mwezi na sukari kwenye karatasi ya kaki. Na baba alikuwa mtu wa kuamini. Kuna watu wameumbwa hivyo, wanapewa neno wanalibeba mabegani kama mtoto. Aliamini kiwanda, aliamini chama, aliamini kila kilichosemwa na redio saa mbili usiku. Sabuni ilipokosekana alisema ni kwa muda tu. Nguo zilipokosekana alisema ni kwa muda tu, na alisema hivyo akiwa amevaa suruali yenye viraka viwili matakoni.

Nyinyi wa rika langu mnakumbuka kilichofuata. Vitu vilivyokuwa havipatikani vikajaa ghafla. Mitumba ikamwagwa chini mnadani kama mahindi, zikaja sabuni za kunukia, redio za kaseti, biskuti za kila rangi. Vitu vikaja, kazi zikaondoka. Kiwanda kikauzwa kwa mtu, na mtu huyo hakuwahitaji wote. Siku moja baba akaja nyumbani katikati ya mwezi, amefunga kwenye baiskeli godoro la sponji, redio, na cheti chake cha mfanyakazi hodari kikiwa ndani ya fremu yenye kioo. Alikitundika ukutani, akavuta kigoda, akakaa anakitazama. Nilidhani yuko likizo. Nilifurahi sana, nikawatangazia watoto wenzangu kwamba baba yangu amepewa likizo ndefu kuliko baba yeyote.

Likizo ile ilipofikia mwezi wa nne, ndipo akaja Mwonaji.

Jina lake halisi tulilijua lakini hatukulitumia. Zamani alikuwa fundi redio mjini, mtu mwembamba, mpole, mwenye vidole vilivyoungua kwa kuchomelea waya. Wengine walinong'ona kwamba aliisikia sauti katikati ya stesheni mbili, pale redio inapokoroma. Alikuja mnadani na baiskeli yenye spika mbele na betri ya gari nyuma, akasimama kati ya wauza mitumba na wauza kuku, akaanza kusema. Hakupiga kelele. Spika ndiyo iliyopiga kelele kwa niaba yake. Alisema amezunguka nchi nzima na kila mahali ameona viwanda vimefungwa, vijana wamekaa vibarazani, na watu wananunua nguo za marehemu wa Ulaya. Akauliza, hamwoni kwamba hizi ni siku za kufunga duka? Wanaume walioachishwa kazi wakatingisha vichwa. Baba alikuwa mmojawapo.

Unabii wake ulikuwa mfupi, na hadi leo naweza kuusema bila kukosea neno. "Mtama wa msimu ujao hautainama mbele ya macho yenu. Kabla haujainama, dunia itakunjwa kama mkeka."

Mtu aliyekulia kwetu haelezwi maana yake. Mtama ukikomaa suke huwa zito, shina linapinda, na shamba zima linainama kama watu wanaoamkia. Hapo ndipo mwenye shamba anapumua. Lakini mimi yale ya mtama hayakunishtua kama yale ya mkeka. Bibi alikuwa msukaji wa mikeka, na nilijua vizuri unavyokunjwa. Unaanza pembeni, unaunyanyua, kwanza unaukung'uta takataka, ndipo unaukunja. Nilimuuliza mama: watu waliokaa juu yake watakuwa wapi? Mama alikuwa anapepeta. "Kamuulize baba yako," akasema, "yeye ndiye mwenye mkeka."

Basi baba akashusha cheti ukutani. Pale kilipokuwa kikabaki kipande cheupe cha ukuta, na juu yake akatundika kitambaa cheupe alichopewa na Mwonaji. Hakuwa mkali, hilo nalisema kwa haki. Angekuwa mkali tungempinga. Alimwomba mama kwa upole aache swala zake kwa miezi michache iliyobaki, kama mtu anayeomba uhamishe kigoda apite. Mama hakubishana. Aliendelea kuswali, ila sasa chumbani, na mlango umefungwa. Nadhani huo ndio ulikuwa mwanzo wa ukimya nyumbani kwetu. Zamani ungesikia nani anaomba wapi. Sasa kila mmoja alimwomba Mungu wake kwa siri, na Mwonaji peke yake ndiye aliyesikika.

Kisha likaja fundisho la mbegu. Mwonaji alisema anayeweka mbegu ndani hajaamini. Unawezaje kusema unangoja mwisho, huku juu ya moto wako umening'iniza masuke ya mwakani? Mbegu ni mashaka, alisema. Siku ya mwisho wenye mashaka watakung'utwa kama takataka kwenye mkeka. Kila nyumba ilete mbegu zake, zisagwe, waumini wale pamoja Jumamosi ya kutangulia, na Jumapili mchana wapande jabalini kungoja.

Usiku ule baba hakulala, na asubuhi akamwambia mama ashushe masuke yote. Yalikuwa yamening'inia juu ya jiko tangu mavuno, yamekolea moshi hadi wadudu wameyakimbia.

"Baba Zaina," mama akasema, "dunia ikiisha, si itaisha hata yakiwa huko juu? Yanamzuia Mungu nini?"

"Hayamzuii Mungu. Yananizuia mimi."

"Na isipoisha?"

"Unaona? Hilo swali lako ndilo limening'inia pale."

Mama akamtazama bibi. Ile mbegu ilikuwa ya bibi. Kwa watu wetu mwanamke huja na mbegu kutoka kwao siku anapoolewa, imefungwa kwenye upindo wa nguo, na mbegu hiyo hairudi kuwa ya mume hata afanyeje. Baba alikuwa anagawa kitu kisicho chake. Mama alingoja mkwewe aseme hapana, nasi sote tukangoja. Bibi akasema tu, "Shusheni," akaendelea kusuka.

Alikubali upesi mno. Baba kwa furaha yake hakuliona hilo. Jioni ile bibi aliniita kwenye chumba cha kusagia, akaniambia nilete maji kwenye kata na udongo wa kichuguu. Jiwe la kusagia lilikuwa limekaa juu ya kitako cha udongo, na chini ya kitako alikuwa amechimba tundu. Akasukuma ndani kibuyu, kibuyu hikihiki, kilichojaa mtama mwekundu uliochanganywa na majivu, mdomo wake umezibwa kwa gunzi na kinyesi cha ng'ombe. Tukaziba tundu kwa tope, mimi nikipaka, yeye akilainisha kwa kiganja.

"Hili liache humuhumu, mjukuu wangu," akasema. "Usitoke nalo."

"Ndiyo, bibi."

Nilikusudia kulitunza. Naapa nilikusudia. Lakini siku zilivyokaribia, nililala na kuamka na ule mkeka. Chumba cha bibi kilikuwa pembeni kabisa ya tembe, upande wa Mtinko, na mimi nilikwisha kuamua kwamba dunia itaanza kukunjwa kutokea Mtinko, kwa sababu Mwonaji alitokea huko. Nilimwona bibi akinyanyuliwa na ukingo, akikung'utwa na makapi, akianguka mahali pasipo na chini. Sisi wengine tunaondoka, baba, mama, Daudi na mimi, na bibi anabaki kwa ajili ya kibuyu kimoja. Mtu mzima akisikia hadithi hii hudhani niliogopa adhabu. Sikuogopa adhabu. Nilimpenda bibi yangu kuliko mtu yeyote aliyewahi kukanyaga udongo, na sikutaka kwenda mbinguni bila yeye.

Jumamosi asubuhi nilimkuta baba akifua shuka lake jeupe la mtumba.

"Baba, bibi ana nyingine."

Akaweka sabuni chini. "Nyingine nini?"

"Mbegu. Chini ya jiwe la kusagia."

Akaniwekea kichwani mkono wenye povu. "Umefanya vizuri, mwanangu. Umemwokoa bibi yako."

Nimeolewa, nimezaa, nimemzika mume, na hakuna sentensi iliyowahi kunifuata kama hiyo.

Alivunja tope kwa jembe. Bibi alikuwa amekaa mlangoni na ukindu wake mapajani, wala hakunyanyuka. Hakumtazama baba hata mara moja. Alitazama mikono yangu, ile iliyoleta maji. Baba akamimina mtama kwenye beseni, akapiga kibuyu kofi ili kisibakize punje, akamrudishia kikiwa kitupu. "Mama, unisamehe, nakupenda," akasema. Alikuwa anasema kweli, na ndiyo sababu sijaweza kumchukia hadi leo.

Karamu ilikuwa nzuri. Lazima niseme ukweli huo pia. Wanawake walisaga kutwa, mbuzi wakachinjwa, tukala ugali mwekundu na nyama na mlenda hadi matumbo yakatuuma. Sikuwahi kushiba hivyo utotoni, si kabla wala baadaye. Nilimpelekea bibi sahani, akaipokea, akawapa kuku.

Jumapili tulipanda jabalini, watu kama ukoo mmoja mkubwa, shuka nyeupe zikipepea. Jua la saa saba lilikuwa limelichoma lile jabali hadi watoto tukawa tunarukaruka, mguu huu juu, mguu huu chini. Baba alimpandisha bibi mwenyewe, akimshika mkono. Bibi alikaa akatupa mgongo, akielekea kaskazini, kwao. Mwonaji alisimama mbele na spika yake. Wanawake waliimba mpaka sauti zikakauka.

Halafu nikaona. Kule Mtinko, ukingo wa dunia ulikuwa unanyanyuka. Ukuta wa kijivu ulisimama kutoka ardhini hadi juu, ukaanza kuja kwetu, ukimeza mti mmoja mmoja na vumbi likitangulia mbele yake. Watu wakapiga magoti. Baba akafumba macho, uso wake umelegea kwa raha kama mtu aliyefika nyumbani. Mimi nilimkimbilia bibi, nikajifunga kwenye kanga yake na kushika kwa meno na kucha, ili akikung'utwa tukung'utwe wote.

Bibi akanusa hewa. Kisha akasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya kusikika na wote, "Hii ni mvua ya kupandia."

Ikatupiga. Matone makubwa, mazito, yakilipiga jabali la moto hadi likatoa mvuke. Mvua ambayo wazee walikuwa wameingoja kwa misimu mitatu ilikuja siku ile, ikanyesha hadi jioni, na shuka zikatuganda mwilini. Mwonaji alisema kitu lakini betri ilikuwa imelowa, tukaona mdomo wake tu ukifunguka na kufungika. Watu walianza kushuka wawiliwawili bila kuagana. Yeye alibaki juu kule, amekaa karibu na spika, akilia. Najua watu hupenda nabii wa uongo awe mwizi, ingekuwa rahisi. Huyu alikuwa amekula mbegu zake mwenyewe pamoja nasi. Baadaye tulisikia amehamia Itigi, anatengeneza redio.

Asubuhi yake jembe lilisikika kila upande, kwa majirani ambao hawakuamini. Ardhi ililainika kama unga uliokandwa. Sisi tulikaa mlangoni tukiitazama. Baba alisema siku zimekosewa tu, labda wiki mbili. Wiki mbili zikapita. Akauza redio, akaleta kutoka mjini mbegu za mahindi za pakiti, zimepakwa dawa ya rangi ya waridi, akazipanda bila kumwambia mtu. Zilichipua vizuri, zikafika magotini, jua la Januari likazikausha zote.

Majirani hawakuwa wabaya. Walituletea unga, walituletea maziwa, mmoja alituletea hata kuku. Mbegu hawakuleta. Nyumba iliyokula mbegu yake haipewi mbegu na majirani, kwa sababu wanaogopa njaa yake itarudi kwao, ikiwa imejificha kwenye kapu. Mama aliomba kwa nyumba tatu, na katika nyumba zote tatu akapewa unga na macho ya huruma. Ilibaki njia moja tu. Mwanamke anaweza kurudi kwao alikozaliwa, akaomba tena ile mbegu aliyoondoka nayo akiwa bibi harusi.

"Nitakwenda mimi," mama alisema.

"Wewe kwenu si Iramba," bibi akajibu. "Watakupa unga."

Baba alimsihi, akataka kumpeleka kwa baiskeli. Hapo ndipo bibi alipomjibu kwa mara ya kwanza tangu siku ya jembe. "Ukinipeleka wewe, nitasema nini? Kwamba huyu ndiye aliyekula?" Akafunga kibuyu kitupu mgongoni kama mtoto, akaondoka kwa miguu, mvua zikiwa zimerudi, makorongo yamejaa. Mwendo wa siku mbili kwa mtu mwenye nguvu. Alikaa siku tisa. Kila jioni nilitembea hadi njia panda nikarudi.

Alirudi na homa, kikohozi kimemshika kifuani, na kibuyu kimejaa. Wifi yake huko kwao alikuwa amemwamkia, amemlaza, amempa mbegu bila swali, na yeye hakulala zaidi ya siku tatu kwa sababu ya haraka. Tulipanda tukiwa tumechelewa, mama na baba na mimi, bibi akielekeza kutoka mlangoni. Zilizobaki akaniita tuzirudishe kwenye kibuyu. Tulikaa wawili tu pale kwenye jiwe la kusagia.

"Wewe ndiye uliyesema," akasema. Hakuwa anauliza.

"Ndiyo, bibi."

"Kwa nini?"

"Mwonaji alisema mwenye mbegu atakung'utwa abaki. Nilitaka twende wote."

Alikohoa kwa muda mrefu, ameegemea jiwe. Alipomaliza akanitazama kama mtu anayetafuta kitu kidogo kilichoangukia mchangani.

"Twende wote," akarudia. Kisha, "Haya. Leta majivu."

Akanionyesha kiasi cha majivu, jinsi ya kutikisa, jinsi ya kuziba. Aliniacha nizibe mwenyewe. Hakulitaja tena lile jambo, wala hakumwambia mtu.

Mtama ulikuwa umetoa masuke, bado umesimama wima, mwepesi, wenye maua, bibi alipofariki. Tulimzika karibu na zizi. Kaburini hakuna aliyejua aombe vipi. Mchungaji wa zamani wa baba hakuitwa, kwa aibu. Mama alikunjua viganja akasoma kimyakimya. Baba alisimama na mdomo umefumbwa, mtu ambaye maneno yote yalikuwa yamemwishia. Mwishowe jirani mmoja kikongwe akasogea, akaligeukia jua, akalitemea mate kidogo kwa niaba yake. Majuma kadhaa baadaye nilikwenda shambani peke yangu. Mtama ulikuwa umeinama.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba Mwonaji hakukosea. Alisema mtama hautainama mbele ya macho yetu, na kweli, kwa macho ya bibi haukuinama. Alisema dunia itakunjwa, nayo ilikunjwa kuanzia pembeni, chumba cha upande wa Mtinko. Nilidhani amekosea ukubwa tu. Na mwenye kutekeleza unabii ule nilikuwa mimi, na kata yangu ya maji. Jambo hilo nimelibeba peke yangu. Hata mama sijamwambia.

Kijana wangu mkubwa, anayesoma chuo, husema watu wakielimika dini itaisha yenyewe. Namsikiliza, namwongezea chai. Mtaani kwangu kuna spika tatu, kila moja na siku yake, na wanaokaa mbele yao ni watu wenye diploma na vibanda vya simu, na wengi wao, ukiwauliza, kuna mahali walipunguzwa kazini. Sioni kitu kinachoisha. Naona watu wa kuamini, kama baba, wakihamishwa kutoka nyumba moja kwenda nyingine na godoro lao mgongoni. Hilo linanihuzunisha kuliko kama kweli ingekuwa inaisha.

Basi nilikuwa nimekaa sakafuni, nalia, baba akaja akipapasa ukuta. Akakanyaga punje, akasimama. Akapiga magoti polepole, magoti yakilia, akaanza kuzikusanya kwa vidole, kwa kuwa macho hayamsaidii. Alinusa kiganja chake.

"Hizi ni za mama."

"Ni zake, baba. Mama yetu hupanda mstari mmoja kila mwaka kule nyumbani, ananiletea mpya."

Aliendelea kuokota. Kwenye mfuko wa shati simu yake ilikuwa bado inasema, nabii anataja ishara, vita, magonjwa, miezi iliyobaki. Nilidhani anasikiliza.

"Zaina," akasema. "Siku ile nilikuambia umefanya vizuri."

Miaka yote hii niliamini amesahau.

"Ulikuwa mtoto," akasema. "Mimi ndiye niliyekuwa mtu mzima."

Tukaokota wote, hadi chini ya makochi, tukatia kwenye kopo la maziwa ya unga kwa sababu kibuyu hakipo tena. Nilipogeuka kutafuta kifuniko, nikamwona kwa pembeni. Alikuwa amebakiza punje chache kwenye kiganja. Alizipapasa kwa kidole gumba, moja moja, halafu akafungua mfuko wa shati na kuzitia ndani, nyuma ya ile simu iliyokuwa bado inatangaza mwisho, akafunga kifungo.